Duara la Milimita Kumi na Moja

Mimi sikuyasomea haya. Mimi huosha vioo.
Miaka kumi na tisa, ghorofa ya chini, mjini Asunsioni,
nasugua chupa, mirija, bilauri zenye shingo ndefu,
na sahani nazipika kwa mvuke hadi kila kilichomo
kife kifo cha kweli, kisicho na matanga.
Lakini macho hayahitaji cheti.

Daktari Nimia alileta mgeni ndani ya kichupa:
bakteria kutoka mguu wa dereva wa trekta,
wodi ya tatu, kitanda cha dirishani.
Dawa sita alipewa. Zote sita zilipita
kama mvua juu ya bati: kelele tele, ndani pakavu.
"Huyu ni sugu," akasema, akiandika kwa wino mwekundu.
Nikavitazama viganja vyangu.
Sugu ya brashi, hapa. Sugu ya ndoo, hapa.
Ngozi iliyoumizwa pamoja kila siku
mpaka ikakataa kuumia.

Nani alimfunza mdudu kukataa?
Vidonge vya nusu dozi, vilivyosahauliwa kabatini homa iliposhuka.
Sindano kwa ng'ombe mzima, ili anenepe kabla ya mnada.
Mkwe wangu ana kioski; huviuza viwili viwili, kama peremende.
Nilimwambia. Akaniuliza nani atamlipia kodi.

Basi akaja Ña Saturnina na gunia lake,
kutoka sokoni anakotwanga majani ya terere tangu alfajiri.
Ndani, mzizi wenye gome jekundu. Anauita damu ya kilima.
Bibi yake aliufungia vidonda vya vita.
Tukaukausha, tukausaga, tukauloweka kwenye spiriti siku tatu,
tukachuja, tukakamua, na kilo nzima ya kilima
ikawa kijiko kimoja cha lami ya kahawia.

Tone moja, juu ya karatasi ndogo kama kifungo cha shati.
Karatasi, juu ya sahani iliyopandwa wale wadudu.
Usiku mzima katika joto la kwapa.

Asubuhi: ukungu wa kijivu pande zote,
na katikati, uwazi. Duara. Safi kama kaburi lililofagiliwa.
Rula ikasema kumi na moja.
Daktari akanikumbatia na glavu zake mkononi, kinyume cha kanuni zote,
akampigia Ña Saturnina, ambaye alijibu tu, "Najua,"
akakata simu, maana alikuwa na wateja.

Ni mimi niliyeiona sahani ya nne.
Ile ya shahidi: karatasi yenye spiriti peke yake, bila mzizi.
Nayo ilikuwa na duara.
Nikasimama na koleo mkononi. Ningeweza kuipika, ikaisha.
Nikaisukuma mbele yake kwa kidole kimoja.

Kumi.

Aliketi kwenye kiti changu cha plastiki, cha pale karabaini.
"Tuliharakisha," akasema. "Spiriti haikukauka."
Kisha, baada ya muda mrefu: "Milimita moja iliyobaki
huenda ni mzizi. Huenda ni mkono wangu, ulivyotetemeka."

Ña Saturnina alipoambiwa hakukasirika.
"Hamkuniuliza niliuchimba lini.
Huo ni wa mvua, umeshiba maji, mvivu.
Ngojeni baridi ya Julai, mzizi ukiwa na njaa."
Daktari aliliandika na hilo pia,
kwa wino mweusi, chini ya namba, bila kutabasamu.

Dereva hakuweza kungoja Julai.
Jumamosi walimkata, chini ya goti.
Anaitwa Kresensio. Kichupa kilikuwa na namba tu;
nilipanda mwenyewe hadi wodini kuuliza.

Sahani nimezipika. Lakini kwanza nilichora,
kwenye daftari la mahitaji, kati ya sabuni na glavu,
maduara mawili, moja ndani ya jingine.
Baina yao pengo jembamba,
unene wa ukucha wangu.

Leo ni tarehe tatu Juni. Maji ya bomba yamenichoma kwa ubaridi.
Chupa za spiriti nimezisuuza mara mbili,
nikaziacha zimepinduliwa, zikauke kabisa.